Gari Likishushwa, Ni Nini Hushuka Nalo?

Aliyewahi kuyaona magari ya vijana wetu wa Ruiru yakivuka tuta ameona kioja kisichotozwa kiingilio. Gari lina rangi ya samawati, rimu zake zang'aa kama sarafu mpya, na bomba lake la moshi linanguruma kiasi cha kuwaamsha watoto waliolala migongoni mwa mama zao. Likiwa kwenye barabara kuu halishikiki. Lakini likiingia barabara ya kando na kulifikia tuta, hugeuka kobe. Dereva hulipeleka mshazari, gurudumu moja likapanda kwanza, la pili likafuata kwa hadhari, kisha ukasikika mkwaruzo wa chuma juu ya lami unaomfanya kila aliye karibu akunje uso. Nyuma yake matatu yapiga honi. Mwenye mkokoteni analipita.

Watu hucheka. Mimi sicheki sana, kwa kuwa mbele ya tuta gari hilo li salama. Dereva ameliona na amepunguza mwendo. Linalonitia wasiwasi ni lile bonde dogo katika lami, au kiungo cha daraja, ambalo hakuliona kwa sababu yuko katika kilomita mia moja kwa saa baina ya Juja na Thika, usiku, na kiti cha nyuma kimejaa watu.

Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, zile kilomita hamsini hivi za lami pana zimewapa vijana wa huku kitu ambacho baba zao hawakuwa nacho, yaani mahali pa kulionja gari. Magari yenyewe nayo hayana uhaba. Huja kwa meli kutoka Japani hadi Mombasa yakiwa yamekwisha kutumika, na miongoni mwayo hakuna linalotamaniwa na kijana wa Thika au Ruiru kama Subaru Impreza. Ni gari la kifamilia kwa umbo na la mashindano kwa moyo. Anayelinunua aghalabu hamalizi nalo miezi mitatu kabla ya kulifikisha kwa fundi ili lishushwe, yaani springi zifupishwe au zibadilishwe, bodi ikae karibu zaidi na ardhi na magurudumu yajifiche chini ya matao yake.

Mpwa wangu ni mmoja wao. Anaishi Ruiru, na gari lake alilinunua kwa jasho lake mwenyewe. Nilipomuuliza sababu ya kulishusha alinipa mbili. Ya kwanza ni urembo. "Mjomba, gari likiwa juu linakaa kama kuku aliyenyeshewa," akaniambia. Kwa hilo sina ugomvi naye. Sisi tulipokuwa vijana tulivaa suruali zilizopanuka miguuni hata zikafagia barabara, na hakuna aliyetuomba tuthibitishe faida yake. Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu: kwamba gari lililoshushwa hushika barabara vyema zaidi.

Si uongo. Ni ukweli uliokatwa nusu, kama springi zenyewe.

Gari likiingia kona, uzito wake hukimbilia magurudumu ya upande wa nje, kama sisi tunavyoyumbia dirishani basi linapopinda. Sasa, tairi likiongezewa mzigo mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili; huongezeka kwa kiasi pungufu ya hicho. Ndiyo maana magurudumu mawili yaliyogawana mzigo sawasawa hushika barabara kuliko mawili ambayo moja limebebeshwa na mwenzake amepumzishwa. Kiasi cha uzito kinachohama hutegemea kimo cha kitovu cha uzito wa gari kikilinganishwa na upana baina ya magurudumu. Kishushe kitovu hicho, na uzito unaohama utapungua. Wanaounda magari ya mbio wamelijua jambo hili kwa miaka mingi, na ndiyo sababu magari yao hulala chini kama mijusi.

Lakini hupungua kwa kiasi gani? Hapa ndipo vijana wetu hawakupiga hesabu, nami nitaipiga kwa niaba yao. Tuchukue gari la kilo 1,300, lenye kitovu cha uzito sentimita 55 juu ya ardhi, na upana wa sentimita 148 kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya mwenzake. Lipinde kona kwa nguvu ya nusu ya uvutano wa dunia, kona ambayo abiria wataipigia kelele. Uzito utakaohamia nje ni kilo 242 hivi. Sasa lishushe kwa sentimita nne, kisha lipinde kona ile ile kwa mwendo ule ule. Utahama uzito wa kilo 224. Tofauti ni kilo 18, ambazo hazifikii mtungi wa lita ishirini uliojaa maji. Hiyo ndiyo faida yote, na imegawanywa baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Kwa bingwa anayewania sehemu ya sekunde katika uwanja wa mbio, kilo 18 ni hazina. Kwa kijana anayetoka Kamakis kula nyama choma, sijui. Isitoshe, waliolibuni gari hilo walikwisha kulifanya kazi hiyo kwa njia ya busara zaidi. Injini ya Subaru haisimami wima kama nyingi nyingine. Mitungi yake imelala, miwili huku na miwili kule, ikitazamana kama mabondia, na kwa hivyo chuma kile kizito kimekaa chini tangu kiwandani. Gari hilo lilishushwa kabla ya kupandishwa meli. Anayelishusha tena anataka kumnyoa mwenye upara.

Tuje kwenye gereji. Mwenye pesa anaweza kuagiza seti kamili ya springi fupi pamoja na shokamzoba zilizotengenezwa kwa ajili yake. Asiyekuwa nazo, na ndio wengi, huenda kwenye vibanda vya jua kali, ambako springi hung'olewa, hutiwa alama ya chaki, na kukatwa mzunguko mmoja kwa grainda. Niliandamana na mpwa wangu hadi kwa fundi mmoja wa namna hiyo. Sitamtukana. Ni mtu hodari, mikono yake imeyajua magari kuliko vitabu vingi, na aliitoa springi ile kwa utaratibu ambao ungemfurahisha mwalimu yeyote wa ufundi. "Mzee, tukitoa kamoja tu, itakaa sawa," akanihakikishia. Nilimwomba mpwa wangu tusubiri kidogo kabla ya grainda kuwashwa. Tulikaa juu ya matairi makuukuu, tukazungumza kwa saa nzima.

Nilianza na springi yenyewe. Springi si kigingi cha kuinulia gari. Ni chuma kilichopimwa unene wake, idadi ya mizunguko yake na jinsi kilivyotiwa moto na kupozwa. Ikiwa ina mizunguko sita inayofanya kazi nawe ukaukata mmoja, ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20. Hivyo gari halikushuka tu, limekuwa gumu pia. Wapo wanaosema ugumu ndio wanaoutaka. Sawa, lakini shokamzoba ile haikuambiwa. Kazi yake ni kuituliza springi inapotaka kurukaruka, nayo iliundwa kuituliza springi laini. Ukiipa iliyo ngumu zaidi inazidiwa, na gari linaendelea kucheza kama mtumbwi baada ya wimbi kupita. Halafu ule mzunguko wa mwisho wa springi hupindwa kiwandani ili ukae vizuri katika kikalio chake. Ukishakatwa, ncha butu hukaa inavyojua yenyewe. Gurudumu linapoangukia shimoni na mguu wa gari kunyooka, springi fupi hulegea, hucheza, na huenda isirudi mahali pake ilivyokuwa. Wapo hata wasiokata. Huipiga springi moto wa gesi mpaka ilegee na kukaa chini. Hao huua ule upozaji wote uliofanywa kiwandani, wakabaki na chuma ambacho hakuna ajuaye kitavunjika siku gani.

Hayo ni ya chuma. Kubwa zaidi ni la nafasi. Gurudumu la gari lolote huhitaji nafasi ya kupanda linapokutana na mwinuko na kuteremka linapokutana na shimo, bila bodi kulazimika kupanda na kushuka nalo. Mwisho wa nafasi hiyo pana kipira kigumu, kilichowekwa ili chuma kisigongane na chuma. Tuseme gari lilikuwa na sentimita nane za kupanda kabla ya kukigusa kipira hicho. Ukilishusha kwa sentimita nne, nusu ya nafasi imekwenda. Huo ndio mnada wenyewe, msomaji: umenunua mtungi mmoja wa maji usiojaa, ukalipa nusu ya nafasi ya kufanyia kazi ya magurudumu yako. Sijui mfanyabiashara wa soko la Makongeni ambaye angekubali bei hiyo.

Na kipira kile kikiguswa gari likiwa katikati ya kona, mambo hubadilika ghafla. Upande wa nje, ambao tayari umelemewa, hauna tena springi. Umekuwa kama mguu wa meza. Mzigo wote wa mtikisiko huingia katika tairi hilo moja kwa mpigo, na tairi lililokuwa limeshika hadi upeo wake huachia. Ikiwa ni la mbele, gari hukataa kupinda na kuendelea kuelekea ukingoni. Ikiwa ni la nyuma, mkia huchomoka. Dereva huapa kwamba barabara ilikuwa na mafuta, au kwamba aliyekuwa mbele yake alimfinyia njia. Lami ilikuwa kavu, ikiwa na bonde dogo lisilofikia kina cha sahani.

Jambo moja mpwa wangu hakuliamini mpaka nilipomchorea kwa kijiti mchangani. Magurudumu ya mbele ya gari lake hushikwa chini na mkono wa chuma unaoteremka kidogo kutoka bodini kwenda nje. Mwinamo wa mkono huo ndio unaoamua ile nukta ambayo bodi huizunguka inapolala konani. Ukiishusha bodi, mkono hunyooka, pengine hata ukaelekea juu, na nukta hiyo huporomoka kwa kiasi kikubwa kuliko bodi ilivyoshuka. Umbali baina yake na kitovu cha uzito, badala ya kupungua, huongezeka. Na umbali huo ndio wenzo unaoilaza bodi. Kwa maneno mengine, usipoongeza ugumu wa kutosha, gari lililoshushwa laweza kulala konani zaidi ya lilivyolala kabla ya kushushwa! Fundi naye alikuwa ameinama kutazama mchoro. Hakusema neno, lakini grainda aliirudisha chini.

Usukani pia huathirika. Tairodi na mkono ule wa chini vilipangwa vipande na kushuka pamoja, kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Bodi ikishushwa, kila kimoja hufuata duara lake, na gurudumu linapopanda juu ya mwinuko hujipinda lenyewe bila dereva kuugusa usukani. Ukiwahi kupanda gari la namna hii kati ya Witeithie na Thika utaona mikono ya dereva haitulii, inasahihisha kila wakati, naye hudhani ndiyo raha ya gari la kasi. Matairi huliwa upande wa ndani huku upande wa nje ukiwa bado na meno mazuri, kwa kuwa magurudumu sasa yamesimama kama miguu ya mtu mwenye matege. Alaimenti yaweza kurekebisha sehemu ya hayo. Si yote.

Wapo watakaoniambia kwamba wameendesha magari yaliyoshushwa miaka mitano na hawajapata ajali. Nawapongeza. Lakini gari hupimwa siku ya dharura, na siku hiyo mara nyingi huwa na abiria. Dada yangu, mama yake kijana huyu, hupelekwa kliniki Thika kwa gari hilo hilo. Siku nyingine hurudi na jamaa wawili na gunia la viazi ndani ya buti. Wenye gari la mbio hawabebi viazi. Springi iliyofupishwa hupewa mzigo wa familia nzima, zile sentimita nne zilizobaki hubaki mbili, na kona ambayo kijana aliizoea akiwa peke yake sasa ni kona nyingine. Nyuma inapolemewa hivyo, taa za mbele nazo huinua macho, zikampofusha anayekuja upande wa pili katika barabara ya Garissa, isiyo na ukuta wa kutenganisha njia.

Ajabu yangu ni kwamba vijana wa Kenya ndio wangepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika katika jambo hili. Gari wanalolipenda lilijijengea jina hapa hapa. Colin McRae aliishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Mashindano yale yalikuwa yameanza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yaliwafunza watengenezaji wa Japani na Ulaya kwamba huku kwetu gari huinuliwa. Magari yaliyokuja kushindana Safari yalipandishwa juu, yakapewa springi na shokamzoba zenye nafasi ndefu ya kupanda na kuteremka, yakaimarishwa chini. Magari ya timu zizo hizo yalipopelekwa katika lami ya Corsica, kisiwa cha Ufaransa, yalishushwa. Timu iliiuliza barabara kwanza, kisha ikachagua springi. Kijana wetu huwa na picha ya gari la Corsica simuni, akalipeleka kwa fundi wa Ruiru, halafu akaliendesha njia ya kuelekea kwa nyanya yake Gatundu.

Si kwamba nataka jambo hili lipigwe marufuku. Kule Ujerumani, nchi yenye barabara laini kuliko zetu, ni halali kulishusha gari, lakini lazima mkaguzi aliidhinishe badiliko hilo na hati za gari zilionyeshe. Sisi ukaguzi wetu umewaelekea zaidi wenye matatu na magari ya biashara. Gari la mtu binafsi laweza kukatwa springi zote nne asubuhi na jioni likapita mbele ya polisi bila swali. Naye fundi, ambaye ndiye mkaguzi wa pekee aliyebaki, hakufunzwa hesabu hizi na yeyote.

Hilo ndilo linaloniuma. Baina ya Ruiru na Thika, pale Juja, kipo Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta chenye wahandisi wa mitambo. Mjini Thika kuna chuo cha ufundi, na kuna kiwanda cha KVM ambacho kimeunganisha magari tangu siku kilipoitwa Leyland, katika miaka ya 1970. Elimu ya springi imetuzunguka pande zote. Ni nini kinachomzuia mhadhiri na wanafunzi wake kufika siku ya Jumamosi katika vibanda vya Ruiru wakiwa na mizani na futi, wakapima gari kabla ya kushushwa na baada yake, mbele ya mafundi na wenye magari? Fundi yule niliyekaa naye aliuelewa mchoro wa mchangani upesi kuliko mpwa wangu. Aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: kama nafasi ikipungua, je, kipira nacho kifupishwe? Nilimjibu kwamba wenye seti kamili hufanya hivyo, lakini shokamzoba nayo lazima iwe fupi, la sivyo itagonga mwisho wake yenyewe na kupasuka. Akatikisa kichwa, akaenda kuitazama ile iliyokuwa mezani.

Mpwa wangu hakukata springi siku ile. Alibadilisha bushi zilizochakaa na shokamzoba mbili zilizokuwa zimevuja mafuta, na wiki iliyofuata akanipigia simu kuniambia kwamba gari linapinda kona kama jipya. Bado analiona liko juu mno. Anaweka akiba ya seti kamili, naye amenitaka nisiandike tena habari zake gazetini.

Ama wewe uliyekwisha kukata, usingoje kona ikupe habari. Mwambie fundi wako alinyanyue gari kwa jeki, gurudumu likiwa linaning'inia, nawe uishike springi kwa mkono. Ikizunguka au kuchezacheza, usiliingize gari hilo barabara kuu. Nenda Grogan, Nairobi, ukiwa na namba ya chesisi mkononi, uulize springi za asili za gari lako, zote nne. Na ukipewa ambayo ncha yake imekatwa, irudishe.